Moto, Homa na Barafu: Historia ya Kupima Joto katika Pwani ya Kaskazini ya Cabo Delgado

Katika kisiwa cha Ibo joto lilipimwa kwa jicho muda mrefu kabla ya kioo na zebaki kufika. Wafua fedha wa kisiwa hicho, ambao baadhi yao hadi leo hufanya kazi katika ngome ya São João Baptista iliyojengwa na Wareno mwaka 1791, huijua hatua ya moto kwa rangi yake. Chuma au fedha inapoanza kuonyesha wekundu hafifu gizani, joto limefika nyuzi 500 na ushei za Selsiasi. Wekundu ukikolea ni karibu 800. Rangi ikielekea chungwa ni 900 na zaidi. Fedha safi huyeyuka kwenye nyuzi 962, lakini sarafu za kale ambazo mafundi wamezoea kuziyeyusha zina shaba ndani yake, na mchanganyiko huo hulainika mapema zaidi. Fedha na shaba zikikutana kwa kadiri fulani huyeyuka kwenye nyuzi 779 tu.

Tofauti hiyo ndiyo siri ya lihamu. Fundi huunga vipande vya fedha kwa fedha nyingine iliyoongezwa shaba, ili lihamu iyeyuke kabla ya kito chenyewe. Katika kazi ya nyuzi nyembamba zilizosokotwa, ambayo ndiyo iliyoipa Ibo jina, nafasi kati ya joto la kuunga na joto la kuangamiza ni ndogo sana. Tinikali humsaidia fundi: kwanza huvimba na kutoa povu, kisha hutulia na kuwa kioevu angavu, na hapo fundi hujua kwamba lihamu iko karibu kutembea. Mkono unaovuta mvukuto ndio unaoongeza au kupunguza joto. Ni upimaji kamili huu, wenye alama zake na mipaka yake. Kinachokosekana ni tarakimu za kumwandikia mtu mwingine aliye mbali.

Wachoma chokaa walikuwa na elimu ya aina hiyo hiyo. Mawe ya matumbawe yaliyojenga Ibo, Matemo, Tungi na miji mingine ya Wamwani na Waswahili yaliungwa kwa chokaa iliyochomwa papo hapo pwani: magogo hupangwa duara, mawe hurundikwa juu, moto huwashwa katikati. Matumbawe hugeuka chokaa yakifika karibu nyuzi 900. Yakipungukiwa na moto, kiini cha jiwe hubaki kibichi. Yakizidishiwa, chokaa hukakamaa na kukataa kunywa maji vizuri. Rundo likishapoa, jiwe hurashiwa maji, na likichemka na kupasuka mara moja, uchomaji umefaulu. Huko Uingereza, mfinyanzi Josiah Wedgwood alikabiliwa na tatizo hilo hilo la tanuru, na mwaka 1782 alieleza njia yake: kuweka vipande vya udongo ndani ya moto na kupima kiasi vilivyosinyaa. Tarakimu zake baadaye zilionekana kuwa na makosa makubwa. Jicho la fundi wa Ibo halikuwa nyuma sana ya chombo cha Wedgwood, na haki hiyo inastahili kutajwa, kwa sababu historia za vipimo huanza mara nyingi Ulaya na kuisha huko huko.

Kipimajoto cha kioo kilichukua sura yake katika karne ya 18. Daniel Gabriel Fahrenheit alitengeneza cha zebaki mwaka 1714, na Anders Celsius wa Sweden akapendekeza mwaka 1742 vipimo mia kati ya barafu inayoyeyuka na maji yanayochemka. Katika Afrika Mashariki chombo hiki kiliingia sana ndani ya masanduku ya wapelelezi, na kazi yake ya kwanza kubwa haikuwa kupima joto bali kupima urefu wa ardhi. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 usawa wa bahari, na kila mtu anapopanda kama mita 300, hupungua karibu nyuzi moja. Mpelelezi asiye na chombo kingine huchemsha maji, hutia kipimajoto, na kukokotoa alipo.

Njia hiyo ni nzuri ikiwa kipimajoto ni cha kweli. Richard Burton na John Hanning Speke walipofika Ziwa Tanganyika mwaka 1858, vipimajoto vyao vizuri vilikuwa vimekwisha kuharibika, wakatumia cha kawaida cha kupimia maji ya kuoga. Waliandika kwamba ziwa liko kama futi 1,850 juu ya bahari, yaani mita 560 na kidogo. Ziwa liko zaidi ya mita 760. Kosa la mita 200 lilitokana na kosa la chini ya nyuzi moja kwenye kioo, nalo likaingia katika mabishano makali ya miaka iliyofuata kuhusu chanzo cha Mto Nile, kwa sababu mto hauwezi kupanda kutoka ziwa la chini kwenda la juu. Ni mfano mkubwa kuliko wote katika eneo hili wa madhara ya chombo ambacho hakikuhakikiwa.

Upande wa Rovuma, David Livingstone aliingia mdomo wa mto mwaka 1861 kwa meli yake Pioneer, akarudi kwa mashua mwaka 1862, na mwaka 1866 akaanza safari yake ya mwisho kutoka Mikindani, kaskazini kidogo ya mto. Wareno nao walituma msafara wa Serpa Pinto na Augusto Cardoso. Mwaka 1885 maradhi yalimlazimisha Serpa Pinto kurudi pwani, na Cardoso akaendelea hadi Ziwa Nyasa. Mwaka 1887 Ureno iliinyakua Tungi, ghuba ambayo leo mji wake ni Palma, kutoka mikononi mwa Sultani wa Zanzibar. Kisha utawala wa eneo lote la kaskazini ukakabidhiwa Kampuni ya Niassa, iliyolishika hadi 1929. Kwa wageni hao wote adui wa kwanza alikuwa homa.

Wenyeji walikuwa na njia zao za kuitambua homa: kiganja kwenye paji la uso, shingo au tumbo la mtoto, na macho yanayotazama kama mgonjwa anatetemeka, anatoka jasho, au ameingiwa na dege. Kiganja cha mama hutambua vizuri kwamba mtoto amepata joto. Hakiwezi kutofautisha nyuzi 38 na 40, na mama mwenye mikono ya baridi aliyetoka kufua nguo huweza kupotoka. Katika tiba ya Ulaya pia kipimajoto kilichelewa. Hadi katikati ya karne ya 19 cha hospitali kilikuwa kirefu na kilihitaji kama dakika 20. Mwaka 1866 daktari Mwingereza Thomas Clifford Allbutt alibuni kifupi cha takriban sentimeta 15, kinachosoma kwa dakika tano. Miaka miwili baadaye Carl Wunderlich wa Leipzig alichapisha kitabu chake kilichoonyesha kwamba kila ugonjwa una mwendo wake wa joto. Malaria ya aina moja hupandisha homa kila baada ya saa 48. Malaria kali iliyoenea pwani ya Cabo Delgado hufuata mpango huo kwa nadra, na kwa hiyo chati ya joto haijawahi kutosha peke yake kuitambua; darubini na, siku hizi, kipimo cha haraka cha damu vinahitajika.

Vita Kuu ya Kwanza ilifanya homa kuwa jambo la kijeshi. Ureno ilipeleka misafara minne kaskazini mwa Msumbiji kati ya 1914 na 1917, kupitia Porto Amélia (Pemba ya leo), Palma na Mocímboa da Praia. Mwezi wa Aprili 1916 askari wake waliiteka Kionga, kusini ya mdomo wa Rovuma, na baadaye mwaka huo walivuka mto wakaingia Newala, wakafukuzwa. Katika kambi za pwani malaria na kuhara viliua Wareno wengi kuliko risasi. Wapagazi Waafrika waliobeba chakula, risasi na wagonjwa walikufa kwa wingi zaidi, na vifo vyao viliandikwa kwa nadra, achilia mbali joto la miili yao. Hilo ni pengo kubwa katika historia ya tiba ya pwani hii, na hakuna chati itakayoliziba.

Nusu karne baadaye, vita vya ukombozi vilivyoanza Chai tarehe 25 Septemba 1964 vilileta huduma ya afya ya aina nyingine. FRELIMO, chama kilichopigana vita hivyo, ilikuwa na hospitali yake Mtwara, iliyopewa jina la daktari wa Angola Américo Boavida, na wauguzi walihudumu katika maeneo yaliyokombolewa ng'ambo ya Rovuma. Kiongozi wake Samora Machel mwenyewe alikuwa muuguzi kwa taaluma.

Kipimajoto cha zebaki kina masharti yake. Hukung'utwa hadi zebaki ishuke chini ya 35, huwekwa ndani ya kwapa kavu, mkono ukabanwa kifuani, na husubiriwa angalau dakika tatu hadi tano. Kwapani, joto la kawaida ni kati ya 36 na 37 na kidogo, na 37.5 huhesabiwa kuwa homa. Shingo nyembamba ndani ya mrija wa kioo huzuia zebaki kurudi, ndiyo maana muuguzi huweza kukisoma baada ya kukitoa. Husafishwa kwa maji baridi, sabuni na spiriti. Wengi vimewapasukia kwa kuvichemsha pamoja na sindano, maana mwisho wa kipimo chake ni 42. Kikivunjika, zebaki haifagiliwi, kwa kuwa ufagio huitawanya ikawa chembe zinazotoa mvuke wa sumu. Watoto hutolewa chumbani, madirisha hufunguliwa, na matone hukusanywa kwa vipande viwili vya karatasi ngumu hadi ndani ya chupa yenye kifuniko. Kwa sababu ya sumu hiyo Mkataba wa Minamata, uliokubaliwa mwaka 2013, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza vipimajoto hivi na kuviuza kati ya nchi na nchi. Vilivyobaki majumbani havijaisha.

Cha kidijitali kinachotumia betri kimechukua nafasi yake, na kwa nyumba ya pwani ndicho chaguo bora: ni cha bei nafuu, hakivunjiki kirahisi, na hulia kikimaliza. Udhaifu wake ni betri na chumvi ya hewa ya bahari, ambayo hula vituo vya chuma, basi hutunzwa ndani ya kasha kavu. Cha miale kinachoelekezwa kwenye paji la uso, kilichoonekana kila mahali wakati wa UVIKO-19, hufaa kuchuja watu wengi haraka. Mtu aliyetembea juani hadi kituo cha afya hana budi kukaa kivulini robo saa hadi nusu saa kwanza. Jua huongeza, jasho na upepo wa kusi hupunguza.

Joto la hewa na la bahari lilikuwa na kalenda yake kabla ya takwimu. Kaskazi ya Desemba hadi Machi ni ya joto na mvua, kusi ya Mei hadi Septemba ni ya ubaridi na bahari kali, na manahodha wa majahazi waliokwenda Kilwa na Zanzibar walipanga maisha yao humo. Takwimu zilihitaji kibanda cheupe chenye kuta za vibao vilivyopishana, alichokibuni Mskochi Thomas Stevenson katika miaka ya 1860, ili hewa ipite na jua lisiguse chombo. Kipimajoto kilichotundikwa ukutani juani hupima ukuta.

Baharini mabaharia walichota maji kwa ndoo na kuyapima sitahani. Ndoo ya turubai ilitoa mvuke na kuyapoza maji kabla ya kusomwa, hivyo rekodi za zamani za bahari zote hubidi kusahihishwa. Kwa vilindi, kampuni ya Negretti & Zambra ya London ilitoa mwaka 1874 kipimajoto kinachopinduliwa kikiwa chini: uzi wa zebaki hukatika hapo hapo na kubaki na habari za kina hicho hadi juu. Kwa vyombo vya namna hiyo ndipo mikondo ilipofahamika vizuri. Mkondo wa Ikweta ya Kusini unaotoka upande wa Madagaska hugonga pwani karibu na Rasi ya Delgado na kugawanyika, tawi moja likipanda Tanzania na Kenya, maji mengine yakishuka kusini katika Mlango wa Msumbiji kwa mizunguko mikubwa.

Nyuzi moja ya bahari hapa ina uzito. Matumbawe hupauka maji yanapozidi kwa nyuzi moja tu wastani wa mwezi wa joto kuliko yote na kukaa hivyo kwa majuma, kama ilivyotokea mwaka 1998 katika Bahari ya Hindi ya magharibi. Siku hizi wachunguzi hufunga kwenye miamba vinasa-joto vidogo vinavyoandika vyenyewe kwa miezi, na visiwa vya Kirimba, vilivyo sehemu ya hifadhi ya taifa tangu 2002, ni miongoni mwa mahali panapohitaji rekodi hizo zaidi. Vimbunga navyo hulishwa na maji yenye takriban nyuzi 26.5 au zaidi. Pwani hii ilihesabiwa kuwa salama kwa kuwa iko karibu na ikweta. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliingia nchi kavu kati ya Pemba na Mocímboa da Praia, na Ibo ilibaki magofu kwa sehemu kubwa.

Majuma machache baada ya Kenneth ilibidi chanjo ya kipindupindu ifikishwe Pemba na wilaya jirani, na hapo ukaonekana upande wa pili wa kipimajoto, ule wa baridi. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wake mkubwa wa chanjo mwaka 1974, na Msumbiji huru ikaingia humo mwishoni mwa muongo huo. Chanjo nyingi hutakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8 tangu kiwandani hadi mkononi mwa mtoto. Katika zahanati zisizo na umeme jokofu liliendeshwa kwa mafuta ya taa au gesi ya mtungi: mwali mdogo ulioachwa kupanda au kushuka bila kuangaliwa ulitosha kuharibu kila kitu. Kosa lililochelewa kueleweka ni la kugandisha. Wahudumu walifundishwa kuogopa joto, wakakaza baridi, na chanjo ya pepopunda, ya kifaduro au ya homa ya ini ikiganda hupoteza nguvu bila kubadilika sura. Chupa inayoshukiwa hutikiswa pamoja na nyingine iliyogandishwa makusudi, kisha huangaliwa ipi inatuama haraka.

Tangu 1996 vichupa vya chanjo ya polio vilianza kubandikwa alama yenye mraba ndani ya duara. Mraba ni mweupe kwanza, nao hukolea kuelekea weusi kadiri joto linavyojikusanya. Ukifikia rangi ya duara, kichupa hutupwa. Alama hii ni kipimajoto chenye kumbukumbu, kisichohitaji betri wala kusoma tarakimu, na ni vigumu kutaja kifaa kingine kilichofanya mengi zaidi vijijini kwa gharama ndogo kiasi hicho. Haisemi lolote kuhusu kuganda, kwa hiyo jokofu linahitaji pia kipimajoto katikati ya rafu, mbali na ukuta wa barafu, kisomwe asubuhi na jioni na kuandikwa, siku za mapumziko pia. Majokofu ya jua na vinasa-joto vya siku 30 vimepunguza mzigo huo. Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017 viliuongeza upya, maana vituo vya afya vilipochomwa, majokofu yaliteketea navyo, na familia zilizokimbilia Pemba na Palma zilihitaji chanjo palipokuwa na vifaa vichache.

Joto la chini kuliko yote katika historia ya pwani hii lililetwa na gesi. Akiba kubwa ziligunduliwa katika bonde la bahari la Rovuma kuanzia 2010. Mradi wa gesi wa Afungi, karibu na Palma, ulisimamishwa baada ya shambulio la Machi 2021 dhidi ya mji huo, lakini chombo kinachoelea cha Coral Sul, kinachoendeshwa na Eni juu ya maji yenye kina cha mita 2,000 hivi, kilitoa shehena yake ya kwanza Novemba 2022. Gesi hupozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri, ikawa kimiminika na kupungua ujazo mara 600. Zebaki huganda kwenye nyuzi 39 chini ya sifuri, na spiriti kwenye 114, kwa hiyo kioo cha Fahrenheit hakina kazi humo. Kinachotumika ni waya wa platinamu ambao ukinzani wake wa umeme hubadilika kwa utaratibu unaojulikana: omu 100 kwenye sifuri, na kama omu 0.385 kwa kila nyuzi. Kwenye mitambo ya moto mkali huwekwa jozi ya metali mbili zilizounganishwa, ambazo hutoa umeme kidogo zikipata joto, jambo lililogunduliwa na Thomas Seebeck mwaka 1821.

Kila kihisi hukaa ndani ya ala ya chuma iliyochomelewa kwenye bomba, ili kiweze kutolewa na kuhakikiwa bila kufungua gesi. Chini ya bahari, ambako maji yana nyuzi chache tu juu ya sifuri, gesi yenye unyevu chini ya shinikizo hufanya chembe zinazofanana na barafu na kuziba mabomba, hivyo joto hufuatwa muda wote. Kwenye matangi, chuma cha kawaida kikiguswa na baridi ile huvunjika, ndipo hutumika kile chenye nikeli. Zebaki yenyewe ni adui hapa: kiasi kidogo ndani ya gesi hula alumini ya vipozaji, kama ilivyotokea Skikda, Algeria, mwaka 1973, na tangu hapo mitambo huichuja kabla ya kupoza.

Uhakiki wa kihisi cha mtambo na wa kipimajoto cha jikoni hutumia msingi mmoja, sehemu mbili alizozichagua Celsius. Barafu safi hupondwa, huwekwa ndani ya bilauri hadi ijae, maji safi ya baridi huongezwa kufunika nafasi, na baada ya dakika chache kipimajoto kinachokorogwa humo kinatakiwa kisome sifuri. Barafu ya bandarini iliyotengenezwa kwa maji ya chumvi haifai, kwa kuwa huyeyuka chini ya sifuri. Kwa moto, ncha hushikwa ndani ya maji yanayotokota bila kugusa sufuria. Palma na Mocímboa, usawa wa bahari, hutakiwa kusoma 100. Mueda, juu ya uwanda, ni karibu 97, na anayeona tarakimu hiyo kule hana sababu ya kukitupa. Cha hospitali hakijaribiwi hivyo, kwa kuwa kipimo chake hakifiki huko: hulinganishwa na kingine kinachoaminika ndani ya maji ya vuguvugu ya nyuzi 37. Tofauti ikipatikana huandikwa kwenye karatasi na kubandikwa kwenye kasha, pamoja na tarehe, ili atakayekichukua baadaye aijue kabla ya kusoma.